Ulinzi wa Mwali na Sauti ya Mwanafunzi

Katika mambo ambayo wazee hupenda kuwasimulia vijana, machache husimuliwa kwa kituo kama mambo ya posa na harusi. Na machache hunyamaziwa kama maonevu yanayotokea kabla ya posa kutolewa. Mwanamke anayepigwa na mumewe ana mahali pa kulalamika, hata kama malalamiko yake hayasikilizwi sikuzote: ana wazazi waliopokea mahari, ana mshenga aliyetia mkono wake katika maneno, ana wazee wa pande mbili ambao wajibu wao ni kuamua. Lakini msichana anayepigwa na kijana ambaye si kitu kwake ila mpenzi, hana hata jina la heshima la kumwita mtu aliyemdhuru. Akisema, ataulizwa kwanza alikuwa wapi, na saa ngapi, na yule alikuwa nani kwake. Na maswali hayo yatosha kumfunga kinywa. Kwa hiyo historia ya jeuri baina ya vijana wapendanao ni, kwa sehemu kubwa, historia ya vinywa vilivyofungwa. Na historia ya kuizuia ni historia ya watu waliojaribu kuvifungua.

Jeuri inayosemwa hapa si kofi na ngumi peke yake. Ni kumlazimisha mtu jambo la mwili asilolitaka; ni kumtisha, kumfuatafuata, kumchagulia marafiki na kumnyima wengine; ni kumwaibisha mbele ya watu kwa kuwa amekataa, au kwa kuwa alikubali kisha akataka kuacha. Aghalabu mtendaji ni mvulana na mtendwa ni msichana, ingawa wavulana nao hupatwa. Jambo moja huyaunganisha matendo hayo yote: mtu mmoja hudhani kwamba mapenzi yamempa milki juu ya mwingine.

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga katika bonde la mto Kilombero, magharibi ya mji wa Ifakara, katika mkoa wa Morogoro. Upande wa kaskazini milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Upande wa kusini nchi imelala tambarare mpaka mtoni, na wakati wa masika maji hutanda juu yake hata mgeni asijue mto uanzie wapi na shamba liishie wapi. Wenyeji wa bonde hilo tangu zamani ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wa mtoni, na baadaye wamekuja watu wengine wengi, wakulima na wafugaji, kutafuta ardhi yenye rutuba. Ni nchi iliyoandikwa mapema na wageni. Mwaka 1926 A. G. O. Hodgson aliandika juu ya desturi za uwindaji za Wandamba. Na mwaka 1935 A. T. Culwick na mkewe walitoa kitabu kikubwa juu ya Wabena wa mtoni, ambacho ndani yake Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe aliandika sura moja. Katika maandishi ya namna hiyo msomaji hupata mengi juu ya mawindo, utawala na ndoa. Lakini msichana asiyeolewa bado hupita kama kivuli, husemwa na wala hasemi.

Hata hivyo yaliyo dhahiri katika masimulizi ya bonde hilo yatosha kuonyesha utaratibu wa kale. Msichana alipovunja ungo alikuwa mwali. Aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wakubwa, na katika zamani za mbali muda wa kuwekwa ndani ulikuwa mrefu kuliko ulivyokuja kuwa baada ya shule kuingia. Alipotoka, alitoka kwa ngoma na shangwe, naye alikuwa mtu wa kuposwa. Baina yake na mwanamume aliyemtaka palikuwa na mshenga. Baina ya jamaa mbili palikuwa na mahari. Kwa hiyo ulinzi wake ulikuwa wa tabaka tatu: nyumba iliyomzunguka, mshenga aliyesema kwa niaba yake, na mahari iliyowafanya watu wengi wawe na haja ya usalama wake. Kijana aliyemgusa bila idhini hakuwa amemkosa yeye tu. Alikuwa ameukosa ukoo wake, na ukoo ulikuwa na njia za kudai fidia.

Ni rahisi kuusifu utaratibu huo, na wengi wameusifu. Lakini mtu akiutazama kwa insafu ataona kasoro mbili ambazo madhara yake yalikuja kuonekana baadaye. Ya kwanza ni kwamba kilicholindwa kilikuwa thamani ya msichana kwa jamaa yake, wala si hiari yake. Fidia ililipwa kwa baba au kwa mjomba. Aliyeumizwa hakuulizwa alitaka nini, na mara nyingine dawa ya jeraha lake ilikuwa ni kuozwa kwa yule yule aliyemjeruhi. Ya pili ni kwamba mafunzo mengi yalimwelekea msichana. Yeye alifundwa kukaa, kunyamaza, kustahi na kuvumilia. Mvulana alifundishwa kulima, kuvua samaki na kuwinda, akafundishwa ushupavu. Lakini juu ya namna ya kupokea neno “sitaki” alifundishwa machache. Ukuta ulijengwa kumzunguka mmoja, na mwingine akaachwa nje ya ukuta bila ya kufunzwa. Ukuta uliposimama, upungufu huo haukuonekana. Ukuta ulipoanguka, ulionekana.

Nao ulianguka kidogo kidogo. Misheni ya Kikatoliki ilianza Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, ikafuatwa na shule na hospitali katika bonde zima. Baada ya Uhuru mabadiliko yalikwenda mbio zaidi. Reli ya Tanzania na Zambia, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ilipita chini ya milima ya Udzungwa, ikaleta wafanya kazi, masoko na vituo. Katika miaka hiyo hiyo watu walikusanywa katika vijiji, na mwaka 1977 elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya watu wote. Msichana ambaye nyanya yake aliwekwa ndani sasa alitembea njiani kila asubuhi, daftari mkononi, pamoja na wavulana wa rika lake. Hilo lilikuwa jambo jema, na hapana mtu mwenye akili atakayetaka kulirudisha nyuma. Lakini tabaka la kwanza la ulinzi, yaani nyumba, lilikuwa limeondoka, na hapana kitu kilichowekwa mahali pake.

Tabaka la pili na la tatu zilifuata. Kuanzia mwaka 2004 Serikali ilikuwa na mpango mkubwa wa kueneza elimu ya sekondari, na katika miaka michache kata nyingi za nchi zilipata shule. Shule hizo nyingi zilikuwa za kutwa, na kata za mashamba ni pana. Watoto waliotoka mbali wakapanga vyumba karibu na shule, vyumba ambavyo vijana huviita magheto: chumba kimoja, godoro, jiko la mkaa, na hapana mtu mzima. Katika bonde la Kilombero jambo hilo lilikutana na desturi nyingine ya kale zaidi. Mkulima wa mpunga hakai kijijini mwaka mzima. Mvua zikinyesha huhamia shambani, akaishi katika kibanda au dungu, akipanda, akipalilia, akiwinga ndege na kuwalinda nguruwe mpaka mavuno. Zamani alikwenda na watoto wake. Shule ilipokuja, watoto walibaki. Kwa hiyo kwa miezi ya kazi nyingi kijiji huwa na vijana wengi wasio na wazazi, na msichana wa miaka kumi na mitano huwa ndiye mpishi, mlezi na mlinzi wa nyumba. Akipata rafiki wa kumpa fedha ya sabuni au ya daftari, rafiki huyo hana mshenga wa kumjua wala mzee wa kumwonya. Na fedha aliyoitoa huihesabu kuwa mahari aliyokwisha kuitoa.

Hapo ndipo yatokeapo mambo ambayo watu huyaona na kuyapita. Methali ya Kiswahili yasema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Ni methali ya busara kwa ndugu, kwa sababu ndugu ni sawa na damu yao ni moja. Lakini imetumiwa pasipo mahali pake. Jirani asikiapo kilio katika chumba cha kupanga usiku, hujiambia kwamba ni mambo ya wapenzi, kesho watapatana. Akageuka upande wa pili akalala. Jembe lake huwa limelima udhalimu bila ya yeye kujua.

Mambo hayo si mapya, wala si ya bonde hilo peke yake. Unguja, katika miaka kati ya vita viwili vya dunia, mwanamke mmoja aliyekuja kutembea kutoka Dar es Salaam alitolewa matembezini usiku na mwanamume aliyeitwa Kijiti, naye akamwua. Mwuaji alikimbilia bara. Wanawake wawili waliofuatana na marehemu ndio waliotiwa hatiani. Siti binti Saad aliitungia habari hiyo wimbo, nao ukaenea pwani nzima kwa santuri. Mambo mawili katika kisa hicho yanastahili kukumbukwa. Kwanza, hukumu iliwaangukia walioshuhudia, na aliyetenda akaponyoka. Hiyo ni sura ya kale ya jambo ambalo bado laendelea. Pili, mahakama iliposhindwa kutenda haki, sanaa ilitunza ushahidi. Watu wasiojua jina la hakimu walijua jina la Kijiti.

Miaka sitini hivi baadaye jambo kama hilo lilitokea mahali ambapo watu walidhani elimu ilikuwa imekwisha kuling'oa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu miaka ya 1970, palikuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punch. Wanafunzi wasiojulikana walibandika ukutani picha na maandishi ya kejeli. Hapo mwanzo mishale yake ilielekezwa kwa wakubwa, na wengi waliiona kuwa sauti ya wasio na sauti. Lakini kadiri miaka ilivyopita mishale iligeuzwa ikawaelekea wanafunzi wa kike. Msichana aliyekataa kutongozwa, au aliyeonekana na mtu asiyetakiwa, aliandikwa ukutani, akatajwa kwa matusi, akatengwa; na aliyethubutu kukaa naye alihatarisha jina lake mwenyewe. Ilikuwa adhabu isiyo na mshitaki wala hakimu, na kosa lililoadhibiwa lilikuwa ni kusema hapana.

Levina Mukasa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alimkataa mwanafunzi mwenzake aliyemtaka. Akasumbuliwa, akashambuliwa, akatishwa kwa Punch. Habari za mateso yake zilikwisha kuwafikia wengine kabla ya kifo chake, lakini hazikuleta kinga ya kumwokoa. Mwezi Februari 1990 alijitoa uhai. Hapo ndipo nchi iliposhituka. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Fatma Alloo na ambacho gazeti lake liliitwa Sauti ya Siti kwa heshima ya yule yule mwimbaji wa Unguja, kililitangaza jambo hilo, kikadai uchunguzi, na kikakataa liitwe utani wa wanafunzi. Punch ikapigwa marufuku. Lililokuwa siri ya mabweni likawa neno la taifa.

Yafaa kupima vizuri somo la kifo hicho. Levina Mukasa hakuwa katika gheto la kijijini, wala hakukosa elimu. Alikuwa kati ya maelfu ya vijana waliosoma, katika kitovu cha fikira za nchi, karibu na walimu walioandika juu ya ukombozi wa Afrika. Kilichokosekana hakikuwa maarifa ya jumla, bali vitu viwili vidogo: mtu ambaye kazi yake ni kusikia malalamiko ya namna hiyo na kuchukua hatua siku ile ile, na wenzake ambao wangaliona aibu kucheka. Utani wa ukutani hauishi kwa mwandishi wake peke yake. Huishi kwa wasomaji. Na katika zama hizi, ambapo ukuta umekuwa simu ya mkononi na kila mtu huuchukua mfukoni, somo hilo limezidi kuwa la lazima.

Sheria ilikwenda nyuma ya mambo, kama ilivyo kawaida yake, lakini ilikwenda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtu hana haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga; neno kubwa kwa wakati wake, ingawa liliwahusu walio katika ndoa, na sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mwaka 1998 ilitungwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoongeza adhabu ya ubakaji na kuyatia katika maandishi makosa ya unyanyasaji ambayo hapo kwanza yaliitwa utundu. Mwaka 2007 sheria ya kuzuia rushwa ilitaja rushwa ya ngono, jambo linalowagusa wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2016 adhabu ya miaka 30 iliwekwa kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Na mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya ndoa za wasichana wadogo vinapingana na Katiba, uamuzi uliothibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Mwishoni mwa mwaka 2021 wasichana waliozaa walifunguliwa tena milango ya shule za Serikali. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa kuwa msichana anayejua kwamba akisema atafukuzwa shule, hawezi kusema, hata akiwekewa sheria mia.

Hata hivyo sheria huja baada ya jeraha. Nia ya kuzuia ni jeraha lisiwepo. Na hapana awezaye kuzuia asichokihesabu. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikuwa wamepata kutendewa jeuri ya mwili au ya kujamiiana na mwenzi huyo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009 juu ya watoto na vijana ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walifikwa na jeuri ya kujamiiana kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ilikuwa mmoja kati ya saba. Na wengi wao hawakutafuta msaada wowote. Na katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walisema kwamba mume anayo angalau sababu moja ya haki ya kumpiga mkewe. Msomaji na aitafakari hesabu hiyo ya mwisho. Waliozidi kuihalalisha fimbo ni wale wale inaowaangukia. Hayo ndiyo matunda ya mafunzo ya kuvumilia yasiyofuatana na mafunzo ya kujizuia.

Wengine watauliza kama jambo la moyo na la chumbani laweza kuzuiwa kwa hesabu na mpango. Jibu lipo Namawala kwenyewe. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara ndogo Ifakara, ambayo imekua ikawa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Namawala ni moja ya vijiji ambavyo watafiti wake walivijua sana. Nyumba kwa nyumba mbu walikamatwa na kuhesabiwa, na damu za watu zikapimwa. Mwaka 1993 ilitangazwa habari ya ajabu: ingawa mbu waambukizao huongezeka na kupungua kwa majira, vimelea vya malaria katika damu za watu wa kijiji havikupungua kwa majira. Maumivu yalionekana kuja na kwenda, kumbe ugonjwa ulikuwapo mwaka mzima. Baadaye, katika miaka ya mwisho ya karne, vyandarua vilienezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na ikaonekana kwamba uhai wa watoto wadogo waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Homa ambayo mababu waliiona kuwa sehemu ya masika ilipata kizuizi, kwa sababu watu waliuliza inatoka wapi, inaingia saa ngapi, na kwa mlango upi.

Jeuri ya vijana nayo ina mahali pake pa kuzalia na saa zake za kuingia. Huingia kwa njia ndefu ya shule isiyo na watu, kwa chumba cha kupanga kisicho na mtu mzima, kwa miezi ambayo wazazi wako shambani, kwa zawadi inayodhaniwa kuwa deni, kwa mwalimu anayechukulia fimbo kuwa lugha, na kwa maneno ya vijiweni yasemayo kwamba wivu ni dalili ya mapenzi. Na kama vimelea vile, haiishi damuni hata kofi lisipoonekana. Ugomvi huja na kwenda. Hofu hukaa mwaka mzima.

Kati ya waliojaribu kuizuia katika shule, jaribio linalostahili kukumbukwa zaidi lilitoka katika chuo kile kile kilichompoteza Levina Mukasa. Mwaka 1996 walimu wa Idara ya Sanaa za Maonyesho, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mbele, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule chache za sekondari. Penina Mlama, aliyeandika pia kwa jina la Penina Muhando, alikuwa amekwisha kuigusa hali ya msichana aliyepata mimba katika tamthilia yake Hatia ya mwaka 1972. Katika Tuseme hakuwaandikia wasichana maneno ya kusema. Wasichana wenyewe waliyachunguza matatizo ya shule yao, wakatafuta sababu zake, wakayaigiza mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi, kisha watazamaji wakajadili la kutenda. Jambo ambalo msichana mmoja hawezi kulitamka ofisini, kumi waliweza kulitamka jukwaani. Na mwalimu aliyejiona katika mchezo alijua kwamba amejulikana. Wavulana nao walikaa wakatazama, na wengi wakasikia kwa mara ya kwanza jinsi utani wao unavyosikika upande wa pili. Njia hiyo baadaye ilichukuliwa na shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, ikapelekwa katika nchi nyingine za bara hili.

Majirani nao wana la kufundisha. Katika Kampala, shirika la Raising Voices na wenzake waliufanyia majaribio mpango uitwao SASA!, ambao haukuanza na wanawake peke yao bali na mtaa mzima: wauza duka, mafundi, viongozi wa dini, askari na majirani. Swali lake halikuwa nani mbaya, bali nani ana nguvu, na anaitumiaje. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika mitaa iliyofikiwa jeuri ya mwili ya wenzi juu ya wanawake ilikuwa pungufu kwa nusu hivi kuliko katika mitaa ambayo haikufikiwa. Kule Marekani, katika jimbo la North Carolina, Vangie Foshee na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba masomo ya darasani na mchezo wa kuigiza, yakitolewa kabla vijana hawajazoea maovu, hupunguza jeuri hiyo kwa miaka kadhaa. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ilikuwa na haki yake kabla ya majaribio, na majaribio yameithibitisha.

Ifakara ya leo si ile ya Culwick. Ina chuo kikuu kishiriki cha udaktari kilichoanzishwa mwaka 2010, chenye mamia ya vijana wa kike na wa kiume wanaojifunza kutibu miili ya watu. Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kuanzishwa madawati ya jinsia katika vyuo, na vituo vya polisi vina madawati yake ya jinsia na watoto. Kwa hiyo sikio, ambalo Levina Mukasa hakulipata, limeanza kuwekwa. Lakini sikio la karatasi si sikio. Dawati ambalo mwanafunzi hulifikia kwa kupita mbele ya macho ya wenzake wote, au ambalo mwenye dawati ni rafiki wa mshitakiwa, ni ukuta wa Punch uliopakwa chokaa. Na umbali kutoka Namawala hadi kituo cha polisi chenye dawati si mdogo kwa msichana asiye na nauli.

Kwa sababu hiyo linalobaki ni kazi ya watu wenyewe, na historia imekwisha kuonyesha sura yake. Ulinzi wa zamani ulikuwa na siri moja njema ambayo haikupaswa kutupwa pamoja na makosa yake: kwamba usalama wa msichana ulikuwa shughuli ya watu wengi. Alikuwa na kungwi aliyejua siri zake, na mshenga aliyeweza kusema kwa niaba yake bila ya yeye kufedheheka. Mwanafunzi wa leo anawahitaji watu hao wawili zaidi ya nyanya yake, kwa kuwa nyanya yake alikuwa na ukuta na yeye hana. Kungwi wake aweza kuwa mwalimu wa kike, muuguzi wa zahanati, au mama mwenye nyumba anayepangisha vyumba. Mshenga wake aweza kuwa mwenzake wa darasa anayethubutu kusema, “Amesema hataki, mwache.” Tofauti ni kwamba hao wapya hawawi walinzi wa mahari ya jamaa, bali wa hiari ya mwenyewe, na mafunzo ya sasa yawe ya wote wawili, mwali na mvulana, kwa maana nusu ya mafunzo ndiyo iliyouangusha ukuta wa kwanza.

Wakati wa masika ufikapo Namawala, wazazi hufunga mizigo wakaenda shambani, na milango ya vijana hubaki nyuma. Siku hizo jirani aliyebaki kijijini husikia mengi usiku. Wazee walimpa methali ya kuchukua jembe. Lakini walimpa na nyingine, iliyo fupi zaidi, nayo ndiyo inayomfaa mtu asikiaye kilio cha mtoto wa mwenzake: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aliye mwungwana hungoji asubuhi. Hutoka, akabisha hodi.